Tuzo za Biashara: Nani Apimaye, na Apima Nini?

Haipiti wiki siku hizi bila ya gazeti fulani la Afrika ya Mashariki au ya Kati kuchapa picha ya mkurugenzi wa kampuni, au ya mkuu wa shirika la umma, akiwa amevaa suti nyeusi na kushika mkononi ngao ya kioo. Chini ya picha huandikwa kwamba kampuni hiyo imetunukiwa tuzo ya kimataifa ya ubora wa biashara, katika hafla iliyofanyika kwenye mji fulani wa Ulaya au wa Marekani. Msomaji husoma, hufurahi kwa ajili ya nchi yake, kisha hufunua ukurasa mwingine. Ni wachache wanaosimama na kuuliza maswali mawili ambayo ndiyo kiini cha mazungumzo ya leo. Je, nani aliyeipima kampuni hiyo? Na alipima kitu gani?

Maswali haya yanawahusu askari wa Jeshi na wa Polisi kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba askari anajua thamani ya nishani kuliko raia wengi. Kuanzia mwaka 2013 askari wa Tanzania, wa Malawi na wa Afrika ya Kusini walipelekwa pamoja mashariki ya Kongo katika Brigedi ya Umoja wa Mataifa ya Kuingilia Kati. Askari aliyerudi kutoka huko na nishani ya Umoja wa Mataifa kifuani mwake hakuipata kwa kuandika barua ya kujisifu, wala kwa kulipa ada. Kanuni yake ni kutimiza siku 90 za utumishi, na siku hizo zimeandikwa daftarini na mtu mwingine, si na yeye mwenyewe. Ndivyo ilivyo pia katika uwanja wa shabaha: mpigaji hahesabu mwenyewe matundu ya risasi zake.

Sababu ya pili inalihusu zaidi Jeshi la Polisi. Katika biashara hii ya tuzo umeingia ulaghai wa kutosha, na mahali penye ulaghai ndipo penye kazi ya askari wa upelelezi.

Ndugu wasikilizaji, mfano wa kuanzia upo Lilongwe, mji ambao umekuwa makao makuu ya Malawi tangu mwaka 1975. Mitaa ya mji huo hujulikana kwa namba, na upande wa kaskazini upo mtaa mkubwa wenye watu wengi uitwao Area 25. Jirani yake ni eneo la viwanda la Kanengo, na huko Kanengo ndiko uliko mnada wa tumbaku, zao ambalo kwa miaka mingi limeiletea Malawi sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni. Tumbaku inapofika mnadani hufungwa katika marobota. Robota hupimwa uzito, jani huangaliwa rangi yake, hali yake na mahali lilipoota katika shina, kisha hupewa daraja, na bei hufuata daraja. Wakulima wa Malawi wamelalamika mara nyingi kwamba wanunuzi ni wachache na bei ni ndogo, na malalamiko hayo si ya bure. Walakini hata mlalamikaji anakubali jambo moja: kitu kinachopimwa kipo pale, kinaonekana, kinashikika, na mwenye shaka anaweza kudai kifunguliwe na kuangaliwa tena. Huo ndio msingi wa hukumu yoyote ya haki.

Kutoka Lilongwe, mwendo wa kilomita 45 hivi, katika Wilaya ya Dowa, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Zamani mahali hapo palikuwa gereza, na mwaka 1994 pakafunguliwa kuwa makazi ya wakimbizi. Kambi iliandaliwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Wanaoishi humo wamekwisha kuzidi 50,000, na walio wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni lugha ya soko lao. Watu hao hawakukaa kitako kungoja mgao wa chakula. Wamefungua maduka, vinyozi, migahawa na mashine za kusaga. Vijana wanafundishana kazi za kompyuta. Na tangu mwaka 2014 hufanyika humo tamasha liitwalo Tumaini, lililobuniwa na msanii wa Kikongo ajulikanaye kwa jina la Menes la Plume, ambalo huvuta wageni kwa maelfu.

Wengine walihamia mjini, wakafanya biashara katika mitaa ya Lilongwe, Area 25 ikiwa mmojawapo. Malawi ilipoingia katika Mkataba wa mwaka 1951 wa Wakimbizi, hapo mwaka 1987, iliweka masharti yake kuhusu ajira, mali na mahali pa kuishi. Mwaka 2023 Serikali ya nchi hiyo iliamua kuyatekeleza masharti hayo kwa ukamilifu, ikawataka wakimbizi waliokuwa mijini warudi Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili. Mwezi Mei askari walianza kuwarudisha waliobaki, na maduka mengi yakafungwa.

Je, habari za tumbaku na za wakimbizi zinaingiaje katika tuzo za kimataifa? Zinaingia kwa sababu mfanyabiashara wa Dzaleka ni kipimo kizuri cha kuzipimia tuzo zenyewe. Huyu ni mtu ambaye pengine ameanzisha duka mara tatu katika nchi tatu, kila mara kwa mtaji wa mikono mitupu, akalisha watoto wake na kuwaajiri wenzake. Kama ubora wa biashara ni akili, uvumilivu na uaminifu kwa mteja, basi huyu anao. Swali ni hili: Je, ipo tuzo inayoweza kumwona? Ili kulijibu yafaa aina za tuzo zitazamwe moja moja.

Aina ya kwanza ni tuzo zinazopimwa kwa ukaguzi wa kweli. Mama wa tuzo hizo ni Tuzo ya Deming, iliyoanzishwa Japani mwaka 1951, wakati viwanda vya nchi hiyo vilikuwa vinainuka kutoka katika majivu ya vita. Kampuni inayoomba hukaguliwa na wataalamu, nao huwahoji wakubwa kwa wadogo. Idadi ya washindi haikupangwa: anayefikia alama hupewa, na asiyefikia hakosi kuambiwa ukweli. Ilichukua miaka 38, hadi mwaka 1989, kwa kampuni ya kwanza isiyo ya Kijapani kuipata, nayo ilikuwa kampuni ya umeme ya jimbo la Florida, Marekani.

Marekani nayo, ilipoona bidhaa zake zinashindwa sokoni na za Wajapani, ilitunga sheria mwaka 1987 na kuanzisha Tuzo ya Malcolm Baldrige, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Utaratibu uliofuatwa kwa miaka mingi unastahili kuangaliwa. Kampuni iliandika maelezo ya kazi zake. Wakaguzi kadhaa waliyasoma maelezo hayo kila mmoja peke yake na kutoa alama zake kabla ya kukutana na wenzake, ili mwenye cheo kikubwa au sauti kubwa asiwavute wengine. Baadaye walikutana na kusawazisha. Kampuni zilizofuzu zilitembelewa, wakaguzi wakaingia karakanani na kuzungumza na wafanyakazi. Alama zote zilikuwa 1,000, na 450 kati ya hizo zilikuwa za matokeo, yaani yale yaliyokwisha kutendeka, si ahadi. Tena kila mwombaji, awe ameshinda au ameshindwa, alipewa taarifa ya maandishi ya kumwonyesha nguvu zake na upungufu wake. Ndiyo maana wako walioomba wakijua hawatashinda, kwa kuitaka taarifa hiyo tu.

Hata hivyo tuzo kama hiyo nayo si kinga. Kampuni ya Wallace ya Houston ilishinda mwaka 1990, na mwaka 1992 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Ukaguzi wa haki husema kampuni ilikuwaje siku ilipokaguliwa. Hausemi itakuwaje kesho. Askari anajua kwamba kombati iliyopita ukaguzi wa Jumatatu yaweza kuwa na tope Jumanne.

Aina ya pili ndiyo inayoigusa Dzaleka kwa karibu zaidi, kwa sababu wengi wa watu wake wametoka katika vilima vinavyoota kahawa. Ni shindano la kahawa liitwalo Cup of Excellence, lililoanza Brazil mwaka 1999. Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuliingia, mwaka 2008, na Burundi ikafuata mwaka 2012. Katika shindano hilo kila sampuli hupewa namba. Waonjaji, kwanza wa ndani ya nchi na baadaye wa kutoka nje, huonja vikombe bila kujua kahawa ni ya nani. Hawajui kama imetoka kwenye shamba la tajiri au kituo kidogo cha kuoshea kahawa kando ya mto. Huonja duru baada ya duru, na kila sampuli hupewa alama kati ya 100. Kasoro ikigunduliwa, sampuli hutolewa. Baada ya hukumu kukamilika ndipo majina hufunuliwa, na kahawa zilizoshinda huuzwa kwa mnada kupitia intaneti, kwa bei inayozidi sana ile ya soko la kawaida.

Askari wa Polisi atautambua utaratibu huo mara moja, maana ndio unaotumika kwa kielelezo kinachopelekwa kwa mkemia: kimefungwa, kina namba, na mpimaji hana sababu ya kumpendelea wala kumchukia mwenye mali. Mkulima mdogo wa Kayanza au wa Huye hakuulizwa kama anajua Kiingereza. Kiliulizwa kikombe, nacho kikajibu.

Aina ya tatu ni tuzo zinazopimwa kwa karatasi, na kampuni inayoshiriki hulipa ada. Mfano unaojulikana sana ni Tuzo za Stevie, zilizoanzishwa Marekani mwaka 2002, ambazo miongoni mwake zimo zinazoitwa Tuzo za Kimataifa za Biashara. Humo kampuni huchagua kundi inalotaka kushindania, huandika habari zake yenyewe na hulipa kiingilio. Majaji ni watu wa kazi mbalimbali katika nchi nyingi, wanaojitolea. Kila mmoja husoma na kutoa alama kwa njia ya intaneti, na wastani wa alama ndio unaoamua nani apate dhahabu, nani fedha na nani shaba. Hakuna anayefika kiwandani. Utaratibu huo ni halali na haukufichwa, na majaji wengi ni watu makini. Lakini yampasa mwananchi aelewe maana yake: mshindi ni yule aliyeonekana bora katika kundi lake miongoni mwa walioandika na kulipa. Aliye bora zaidi lakini hakuandika, au hakuwa na ada, hakushindwa, hakuwamo kabisa.

Na hapa ndipo mfanyabiashara wa Dzaleka anapofungiwa mlango. Tuzo ya karatasi yaweza kutaka cheti cha kuandikishwa kwa biashara, hesabu zilizokaguliwa, akaunti ya benki, na maelezo kwa Kiingereza fasaha. Sherehe ya kutunuku hutaka pasi ya kusafiria na viza. Mtu aliyekimbia usiku kutoka Kivu, akafungua duka mjini na baadaye akalifunga, atatoa wapi hesabu za miaka iliyopita? Majaji hawana nia mbaya naye. Kipimo chao ndicho kisichofika alipo.

Aina ya nne, ndugu wasikilizaji, ni tuzo zinazouzwa. Barua hufika kwa mkurugenzi ikimpongeza kwamba kampuni yake imekwisha kuchaguliwa, ingawa haikuomba popote. Jina la tuzo huwa refu, lenye maneno kama ubora, karne, uongozi na dhahabu. Ili kuipokea, mshindi anaombwa alipe gharama za ushiriki, ambazo ni maelfu ya euro au ya dola, mbali na nauli na hoteli. Hakuna mkaguzi aliyefika, hakuna hesabu iliyosomwa, na katika ukumbi wa hafla hakuna aliyeshindwa, kwa kuwa wote waliolipa ni washindi. Waandishi wa habari za uchunguzi wa Ulaya ya Mashariki waliifichua biashara hiyo mwaka 2014, na miongoni mwa waliotajwa katika taarifa zao ni shirika la Madrid liitwalo Business Initiative Directions. Walionyesha kwamba wanunuzi walikuwamo katika nchi nyingi, na kwamba miongoni mwao zilikuwamo taasisi za umma.

Afrika nayo imekwisha kuonja. Mwezi Agosti mwaka 2020, mjini Accra, Ghana, watu mashuhuri, wakiwamo wasanii na watangazaji, walipokea tuzo zilizotangazwa kwa jina la Umoja wa Mataifa na la marehemu Kofi Annan. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba Umoja wa Mataifa haukuhusika hata kidogo. Watu hao hawakuwa wajinga. Walidanganywa na jina kubwa, na jina kubwa ndiyo silaha ya kwanza ya mlaghai.

Wala isidhaniwe kwamba udhaifu wa hukumu uko kwa matapeli peke yao. Benki ya Dunia kwa miaka mingi ilitoa taarifa ya kuzipanga nchi kwa wepesi wa kufanya biashara, na serikali zikaringia nafasi zake kama mtu anavyoringia nishani. Mwezi Septemba mwaka 2021 benki hiyo iliifuta taarifa hiyo, baada ya uchunguzi kubaini kasoro katika takwimu za taarifa za mwaka 2018 na 2020 zilizozihusu China, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Azerbaijan. Wahenga walisema: mwamba ngoma huvutia kwake. Ukubwa wa jengo la anayewamba haubadili maneno hayo.

Basi mtu afanyeje anapoona ngao au anapopokea barua? Yapo maswali matano ya kuuliza. Kwanza, nani anamlipa mwamuzi? Ikiwa mapato yote ya mtoaji yanatoka kwa washindi, mwamuzi hawezi kusema hapana. Pili, majaji ni nani, na majina yao yametangazwa? Tatu, kipi kilichopimwa: kikombe chenyewe, karakana yenyewe, au maneno ya mwenye mali? Nne, nani alishindwa? Tuzo ya Mo Ibrahim ya uongozi wa Afrika, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2007, haikupata mshindi mwaka 2009 wala 2010, na ikabaki bila kutolewa katika miaka mingine kadhaa. Watu waliilaumu, lakini uwezo huo wa kukaa bila mshindi ndio uliompa heshima anayeshinda. Tano, aliyeshindwa alipata nini? Mkaguzi wa kweli humwachia aliyeshindwa somo. Muuza ngao humwachia risiti.

Kwa askari wa Polisi, maswali hayo yanageuka kuwa kazi. Mtu anayetoza fedha kwa kujifanya mwakilishi wa Umoja wa Mataifa au wa serikali fulani anajipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, na kosa hilo halipungui uzito kwa kuwa limefanyika katika hoteli nzuri. Barua, bahasha, namba ya akaunti na risiti vyote ni vielelezo na vihifadhiwe. Na pale ambapo fedha zilizolipwa ni za shirika la umma, upelelezi usiishie kwa aliyeuza. Aulizwe pia aliyenunua, kwa idhini ya nani, na kwa faida ya nani. Ngao ya kioo iliyonunuliwa kwa fedha za dawa au za maji si heshima ya taifa, ni hasara yake.

Kwa askari wa Jeshi, fundisho ni lile lile analolijua kutoka siku ya kwanza ya mafunzo, kwamba heshima huja baada ya ukaguzi, na ukaguzi huja baada ya kazi.

Lakini wajibu mkubwa uko kwa wanaoandaa tuzo za haki na kwa serikali zinazoziunga mkono. Wapimaji wa kahawa wamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana kuipima kazi ya mnyonge bila kumwuliza jina wala lugha. Kipimo cha namna hiyo kikipelekwa kwenye ushonaji, uokaji mikate, useremala na kazi za kompyuta, kikafika hadi Dzaleka na makambi mengine, na mkaguzi akatembea kwa miguu yake mpaka kwenye karakana, dunia itawaona mafundi ambao leo hawamo katika orodha yoyote. Hadi siku hiyo, mwananchi asipime kampuni kwa picha ya gazetini. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na tuzo inayojitembeza kutoka ofisi hadi ofisi ikitafuta wa kuinunua imekwisha kujihukumu yenyewe.